Kasuku wa Shaba na Mstari wa Arobaini na Mbili

Nchi ya Orodhani imekaa kwenye mteremko wa milima saba, na kila mlima una chemchemi yake, na kila chemchemi ina mfereji wake, hata mtu akiitazama nchi hiyo kutoka juu, asubuhi jua likiwa bado changa, huiona kama karatasi iliyopigwa mistari na mkono usiotetemeka. Mashamba yake ni ya mraba. Nyumba zake zimejipanga kama meno ya chanuo. Watu wake, kwa kuwa wamezaliwa katikati ya mistari, hupanga kila kitu: kuni kwa unene, vyungu kwa umri, na hata misibani waombolezaji husimama kwa kimo, wafupi mbele, ili kila mmoja apate kuliona kaburi na kumshukuru Mungu kwamba si lake.

Katikati ya nchi, juu ya kilima kisicho na mti hata mmoja, limesimama Jumba la Majedwali, na ndani ya jumba hilo anakaa Kumbu. Hakuna aliyewahi kumwona. Wapo wasemao kwamba ni jiwe lililopuliziwa pumzi, wapo wasemao kwamba ni mtambo ulioachwa na watu wa zamani, na watu wa sala husema tu kwamba Mungu ana viumbe wengi na hatukuahidiwa kuwajua wote. Kinachojulikana ni kwamba Kumbu hana macho, hana tumbo wala ndugu. Ana masikio, yaliyotobolewa ukutani kama matundu ya njiwa, kila sikio na jedwali lake. Akiambiwa jambo kwa mpangilio ulio sawa hulichonga kwenye jiwe, mstari chini ya mstari, na halisahau tena. Akiambiwa kwa mpangilio mbovu hulirudisha, na sauti yake haipandi wala haishuki, awe aliyesema ni mwombaji au ni mwenye kiti.

Masikio hayo ni membamba na njia yake ni ndefu, sauti ya binadamu hufia njiani. Kwa hiyo Waorodhani hutumia kasuku. Si kasuku wa manyoya, bali wa chuma, wa shaba, na kwa wenye uwezo, wa dhahabu. Kasuku hufundishwa sentensi moja kwa siku tatu, ingawa neno fupi huweza kulirudia papo hapo, kisha huingizwa sikioni, husema alichofundishwa bila kuongeza wala kupunguza, na hurudi na jibu. Anayejua kufundisha kasuku haogopi kiangazi, kwa maana hakuna Mworodhani awezaye kuoa, kulima wala kuzikwa bila kutumiwa kasuku kwenda kusema habari zake.

Wakati wa habari hii, Orodhani ilitawaliwa na Mtukufu Pekeyake, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyependa nyama ya bata na majina marefu. Hakuwa mkatili wa kupiga watu. Alikuwa na ukatili wa aina nyingine, ule wa mtu anayefunga mlango kwa upole na kuuliza kutoka ndani mbona hamuingii. Yeye ndiye aliyetunga Sheria ya Mzizi na kuamuru ichongwe mbele ya majedwali yote: hakuna atakayeandikwa kwenye Jedwali la Maji asiyekuwa kwanza na namba katika Jedwali la Wakazi, kwa maana hakuna jani lisilo na mzizi. Sheria ilikuwa nzuri kuisikia, na mapadri na masheikh waliitikia. Juma lililofuata Mtukufu alitia muhuri wa pete yake kwenye Sikio la Wakazi, likazibwa, na watu wa Bonde la Pengoni, kaya arobaini na moja zilizokuwa bado hazijaandikwa, wakabaki nje na mashamba yao.

Siri ya jambo hilo ilikuwa Chemchemi ya Saba. Maji ya kila chemchemi hugawanywa kwa hesabu ya walioandikwa juu yake: wakiwa kumi, mafungu kumi, akiwa mmoja, fungu moja, yaani chemchemi nzima. Chemchemi ya Saba inateremkia Pengoni tu. Watu wa Pengoni wasipoandikwa, itamwendea yeyote atakayejiandikisha peke yake, na Mtukufu alikuwa amechimba bwawa la bata, lililomchukua miaka minne kulimaliza.

Ikafika Siku ya Kufunga Maji, ambapo Jedwali la Maji huwa wazi tangu alfajiri mpaka jua linapogusa ukingo wa magharibi, kisha hufungwa kwa mwaka mzima. Watu wa Pengoni walikuja kama walivyokuja miaka minne mfululizo, wakasimama mstari mbele ya Sikio la Wakazi lililozibwa. Mbele yao alisimama Bi. Ombeni, mfinyanzi wa bonde hilo, aliyejifunza herufi akiwa na miaka hamsini na mbili, na baada ya herufi akajifunza kufundisha kasuku. Kwapani alimbeba kasuku wa shaba aliyemtengeneza kwa masufuria mabovu. Bonde zima lilikuwa limechanga masufuria hayo miaka minne nyuma, na tangu hapo wengi walipikia vyungu vya mfinyanzi huyo. Kama wangerudi tena mikono mitupu, wasingekuwa na mwaka wa sita. Mbegu zilizobaki zilikuwa za msimu mmoja.

"Bi. Ombeni," akasema Bibi Chakupewa, kikongwe aliyesimama mwisho wa mstari, "tunasimama mbele ya ukuta. Unajua hilo?"

"Najua, Bibi."

"Basi sawa. Nilidhani ni macho yangu."

Bi. Ombeni alicheka, akamfuta kasuku vumbi, akarudia maombi aliyoyaomba tangu nyumbani: "Ee Mungu, sikuombi muujiza. Nakuomba nafasi, na nikiipata nisikosee."

Alasiri Mtukufu alifika kwa ngoma na zumari, akipepewa, na kasuku wake wa dhahabu juu ya mto wa hariri. Nyuma yake alitembea Waziri Sifuni, mwalimu wa kasuku huyo, aliyemfundisha kila aina ya sifa na kitu kingine chochote hakumfundisha. Kasuku wa dhahabu aliingizwa kwenye Sikio la Maji, na nchi nzima ikasikia akisema kwamba Chemchemi ya Saba ni ya Mtukufu Pekeyake.

Jibu la Kumbu lilikuja polepole. "Hakuna mzizi."

Ngoma zikasita. "Amesemaje?" Mtukufu akauliza.

"Nadhani amesema hakuna mzozo," Waziri Sifuni akajibu.

"Hakuna mzizi," Kumbu akarudia. "Pekeyake hayumo katika Jedwali la Wakazi."

Ilikuwa kweli. Mtukufu hakuwahi kuandikwa. Jedwali la Wakazi lina safu tatu, jina, mahali na kazi ya mikono, na kila aliyemo hupewa zamu ya kuzoa tope mferejini. Zaidi ya hayo, namba huitoa Kumbu mwenyewe, kwa kufuata aliyetangulia, na Mtukufu hakutaka kuwa namba inayofuata ya mpishi wake. Kwa miaka yote alikuwa juu ya jedwali. Sasa ikawa aliye juu ya jedwali hayumo ndani yake.

Jua lilikuwa limebakiza urefu wa mkono. Mtukufu alivua pete akabandua muhuri wake mwenyewe kwenye Sikio la Wakazi. "Mwingizeni upesi. Na jina langu lisemwe kamili."

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo Waorodhani hulicheka mpaka leo. Kasuku wa dhahabu alikuwa amezoeshwa kuchanganya kila kitu katika pumzi moja, amri na jina na sifa, kama mtu anayemwaga wali, mchuzi na maji ya kunawa kwenye sinia moja. Na jina kamili la Mtukufu, alilojipa mwaka wa njaa, lilikuwa Pekeyake Futa-Machozi. Kasuku akatangaza: "Ingiza katika Wakazi, Pekeyake, Futa Machozi!"

Ndani ya jiwe ukasikika mkwaruzo wa mtu anayepekua.

"Nimeamriwa kufuta Machozi," Kumbu akasema. "Nimetafuta jedwali liitwalo Machozi sikuliona. Mnalo?"

"Tunalo!" mtu mmoja wa Pengoni akapaza sauti kutoka nyuma. "Ila halijaandikwa!"

Watu walicheka mpaka askari wakacheka, na askari wa Orodhani hawacheki kabla ya mshahara. Waziri Sifuni alimtoa kasuku sikioni, akamtikisa kama saa iliyosimama.

"Mshukuru Mungu hakuna jedwali la jina hilo," Bi. Ombeni akasema. Hakusema kwa kejeli. "Kumbu hajui sifa. Kila asikiacho nje ya pengo ni amri kwake."

Mtukufu akamgeukia. "Pengo gani?"

"Kasuku wangu nimemfundisha sentensi yenye mapengo, Mtukufu. Amri husimama peke yake, na jina huwekwa pengoni kwa kipande cha mwanzi, chini ya ulimi. Kilicho pengoni hakigeuki amri hata kikiitwa Choma-Nchi. Hubaki jina la mtu."

"Basi niweke mimi pengoni."

"Sentensi yake ni ya watu arobaini na mmoja, mmoja kwa kila kaya."

"Watoe."

"Pengo tupu halipokelewi. Pumzi ni moja, Mtukufu. Wakiingia wanaingia wote, akikataliwa mmoja wanarudi wote. Kumfundisha sentensi nyingine ni siku tatu." Alitazama jua, na Mtukufu akalitazama pia. "Ila pengo moja zaidi naweza kuliongeza mwishoni. Hilo ni kazi ya dakika chache."

Waziri Sifuni alimnong'oneza bwana wake, kwa sauti ambayo ingesikika kuvuka mto. "Kubali! Wakiwa wakazi wana nini? Maji ni sikio jingine. Wewe utakuwa wa kwanza pale, utasimama mbele ya sikio mpaka jua lizame, na chemchemi ni yako."

"Tumesikia," akasema Bibi Chakupewa.

"Hukusikia kitu, mama!"

"Sawa, mwanangu. Sikusikia kwamba atasimama mpaka jua lizame."

Mtukufu alikubali. Na hapo ukatokea udugu ambao haukuwahi kuonekana Orodhani. Kwa kuwa kosa la mmoja lingewarudisha wote, Waziri mzima mwenye vazi la nyuzi za fedha alikuwa akikimbia kwenye mstari wa Pengoni akiuliza, "Babu, jina lako lina herufi h au halina? Fikiri vizuri, babu yangu, tafadhali!" Bi. Ombeni alipanga vipande vya mwanzi kimoja kimoja. Kipande cha arobaini na moja kilikuwa cha Bibi Chakupewa. Cha arobaini na mbili kilikuwa cha Mtukufu, na penye jina kilisema Pekeyake tu, kwa sababu kipande cha mwanzi hakina nafasi ya majivuno.

Kasuku wa shaba akaingia. Akarudi.

"Mistari yote imekataliwa," Kumbu akasema. "Mstari wa arobaini na mbili. Safu ya kazi ya mikono ni tupu."

Macho yote yakamwelekea Mtukufu.

"Andika kutawala," akasema.

"Haimo katika kazi za mikono, Mtukufu," Bi. Ombeni akajibu.

"Kutia muhuri?"

"Hiyo ni kazi ya pete."

"Taja kazi, Mtukufu!" watu wa Pengoni wakapiga kelele. Hawakumdhihaki. Walikuwa wakimsihi, maana maisha yao yalikuwa yameshikamana na mikono yake laini. "Yoyote! Hujawahi kuchuma hata mchicha?"

Mtukufu aliitazama mikono yake kwa muda mrefu kuliko jua lilivyoruhusu. Alipofungua mdomo, sauti ile nzuri ilikuwa imepungua. "Bibi yangu alinifundisha kusuka ukili wa mkeka. Nilikuwa na miaka saba. Nilimaliza kipande kama hiki." Akaonyesha kwa viganja viwili.

"Ulikisuka mwenyewe?"

"Pembe moja ilipinda."

"Mungu hakuangalia pembe," Bi. Ombeni akasema, akaandika: msuka ukili.

Kasuku akaingia mara ya pili. Safari hii Kumbu alichelewa kidogo, kisha akasema, "Mistari arobaini na miwili imeingia. Inangoja."

"Inangoja nini?" Waziri akauliza.

"Neno la mwisho," Bi. Ombeni akaeleza. "Sasa imeandikwa kwenye vumbi juu ya jiwe. Mwenye pete iliyofungua sikio akisema thibitisha, inachongwa. Asiposema, mlango ukifungwa vumbi linapeperuka."

Mtukufu akamkaribia mwanamke huyo kama mtu aendaye kuuliza bei asiyotaka wengine waisikie. "Nikishachongwa, naweza kutoka?"

"Asiye na kitu anaweza kufutwa, Mtukufu. Lakini ukishakuwa na maji kwenye lile jedwali jingine, hufutiki. Mzizi wenye jani haung'olewi. Sheria ni yako."

Jua lilikuwa limebakiza vidole vinne. Mtukufu aliwaza bwawa na bata, akawaza tope la mferejini, akawaza labda na ule ukili, hatujui. "Thibitisha," akasema, kasuku wa shaba akalipeleka neno hilo, na jiwe likaanza kulia kwa patasi.

Hakungoja limalize. Alikunja kanzu akakimbilia Sikio la Maji, Waziri na kasuku wa dhahabu nyuma yake, huku Bi. Ombeni akimwita, "Mtukufu, namba! Hujachukua namba yako!" Lakini wapiga ngoma, wakidhani sherehe imekwisha, walikuwa wameanza tena. Kasuku wa shaba alirudi na namba chini ya ulimi, moja kwa kila mtu, na Bi. Ombeni akazigawa. Watu wa Pengoni walizipokea kwa mikono miwili, kama watu wapokeao mkate wa ibada, kisha wakajipanga nyuma ya Mtukufu, Bibi Chakupewa akiwa mbele kwa heshima ya umri wake. Bi. Ombeni alikuwa nyuma yake, akizipanga namba zao arobaini na moja kwenye mapengo ya sentensi ya pili, ile ya maji, aliyomfundisha kasuku miaka minne iliyopita bila kupata mahali pa kuisema.

"Chemchemi ya Saba," Kumbu alisema ndani ya ukuta. "Mkazi namba ngapi?"

"Mimi!" Mtukufu akapiga kelele, na kasuku wa dhahabu akaipeleka.

"Mimi si namba."

"Moja, bila shaka!" Waziri akasema. "Sema moja!" Kasuku akaipeleka.

"Namba moja ni Tengule mchoma mkaa, na maji yake yako Chemchemi ya Tatu. Mkazi namba ngapi?"

Vidole viwili. Mtukufu hakujua namba yake, na maadamu hakuijua, hakuandikwa wala hakuondoka, na nyuma yake mstari mzima ulikuwa ukizama pamoja na jua. Mtu wa tatu kwenye mstari akasema kwa hasira, "Mwacheni hapo hapo! Akose naye!"

"Nasi tukose?" Bibi Chakupewa akamjibu bila kugeuka. Kisha akamgusa mtawala wa Orodhani begani kwa kidole kimoja, kama mtu anavyomgusa jirani aliyesinzia kwenye ibada. "Wewe uliingia baada yangu, mwanangu. Mimi ni elfu nane mia tatu na tisa. Ongeza moja."

Mtukufu alihesabu kwa midomo. Akasema, "Elfu nane mia tatu na kumi." Kasuku wa dhahabu akaingia, akarudi.

"Elfu nane mia tatu na kumi, Chemchemi ya Saba," Kumbu akasema. "Imechongwa. Anayefuata."

Hakusogea. Alikuwa amepata. Mpaka hapo juu ya Chemchemi ya Saba palikuwa na jina moja tu, na alichotakiwa kufanya ni kusimama alipo, mgongo wake mpana kwenye tundu, kwa muda ambao mtu angemaliza sala fupi. Waziri Sifuni alitanua mikono kando yake. Kidole kimoja. Bi. Ombeni alikuwa amemwinua kasuku wa shaba juu ya kichwa, akingoja nafasi.

Kasuku wa dhahabu ndiye aliyesema. Alikuwa begani mwa bwana wake, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha la kusema wakati kama huo, alirudia alichosikia mwisho. "Anayefuata," akasema sikioni mwa Mtukufu. "Anayefuata. Anayefuata!"

Kicheko kilianzia kwa Bibi Chakupewa, kikapita mtu hadi mtu mpaka mwisho wa mstari, kikashuka kilimani, na wapiga ngoma, ambao siku hiyo hawakuelewa chochote, wakakipigia mdundo. Mstari wote ukatikisika kwa kucheka, na ulipotikisika ulisonga hatua moja mbele, kama mistari inavyofanya.

Maji ya Chemchemi ya Saba hugawanywa mafungu arobaini na mawili. Hilo halina ubishi, limechongwa. Kinachobishaniwa Orodhani, mferejini na kwenye veranda za nyumba za ibada, ni kama Mtukufu alisogea mwenyewe, au mstari ndio uliomsogeza.